Mkanda

Kiwanda cha pareto kilipomwambia baba asirudi tena,
kiinua mgongo chake hakikuinua mgongo wa mtu.
Alinunua runinga, deki, jenereta kuukuu
na mabenchi sita ya kanisa lililohamia Njoro.

Bondeni nzima ilikuja. Shilingi tano, watoto mbili,
Chesire wa reli bure, kwa kuwa ndiye aliyeleta mikanda
kutoka kwa shemeji yake, dobi wa Wamarekani kule Naivasha.

Mikanda ilikuja bila mpangilio.
Katika wa kwanza yule mtu alikuwa bingwa tayari:
shingo gogo la mkaratusi, kiunoni mkanda wa dhahabu
ndani ya mkanda mweusi wa plastiki
ambao baba aliurudisha nyuma kwa kidole
ili kuokoa mafuta.
Katika wa pili alikuwa kijana, nywele hadi mabegani,
akibwagwa na kila aliyelipwa kumbwaga
katika mji fulani wa theluji.
Wa tatu: mvi, na goti la kushoto limefungwa bandeji.

"Mbona jana alikuwa kijana?" Otiato akauliza.

Baba, aliyezima sauti ya Kiingereza
na kutangaza mieleka mwenyewe, amesimama kando ya runinga
na kijiti cha kuelekezea, hakusita:
"Yule wa jana ni mwanawe. Huyu ndiye Tingatinga Mkubwa."

Basi mtu mmoja akawa ukoo.
Tukajua kuwa mama yao aliuza maziwa ya mgando.
Tukajua mto waliooga, ambao ulifanana sana na Nzoia,
na shamba walilogombania, na mahari iliyokataliwa.
Ngumi zote zilikuwa na sababu.
Ndugu yangu Sitati alimwinua mtoto wa jirani
akambwaga juu ya magunia ya karoti, soko la Wakulima,
akachapwa na akina mama watatu tofauti.

Mmoja hatukuuona mwisho wake.
Jumamosi, watu hadi dirishani, vumbi la Nakuru
limekaa juu ya kioo kama unga.
Tingatinga Mkubwa yuko chali.
Kijana aliyemwangusha anamtazama
kama mtu aliyevunja kikombe cha wageni.
Baba akanyamaza. Hakuwahi kunyamaza.
Kisha giza.
"Mafuta yameisha," akasema,
lakini mimi nilikuwa mlangoni, karibu na jenereta.
Ilizimwa. Haikuzimika.
Chesire alidai arudishiwe pesa zake,
yeye ambaye hakuwahi kulipa.

Tulimzika baba Chwele, mwezi wa mvua.
Mkanda niliukuta katika debe la misumari, umefungwa kwa kitambaa.
Deki bado inafanya kazi ukiipiga kofi.
Safari hii niliacha sauti.
Jina lake lilikuwa Wendell Strake.
Miaka ishirini na miwili ulingoni, mtangazaji alisema,
na mapambano aliyoshindwa yanazidi aliyoshinda.
Hakutaja ndugu. Hakutaja mwana.
Mkanda wa dhahabu alikaa nao miezi minne tu;
kwetu ulikaa miaka tisa.

Baada ya pale baba alipozima,
yule mtu anaketi katikati ya ulingo.
Anafungua kamba za buti, ndefu, vidole vinene,
watu elfu kadhaa wakimsubiri.
Anaziacha pale, zimesimama wima,
anashuka na soksi. Moja ina tundu kisiginoni.

Siku ile ya kiwanda baba alirudi nyumbani peku.
Mama alidhani ameibiwa, akapika uji
na hakuuliza.

Mwanangu aliingia na kipande cha mkate mdomoni.
"Huyo ni nani?"
Nilipunguza Kiingereza hadi kikafa.
"Huyo," nikasema, nikitafuta kijiti,
"ndiye babu yao."